Matunzo ya Mtoto Si Hisani

Mwenye kupita asubuhi mbele ya mahakama zetu za Kadhi, iwe Unguja au Pemba, hakosi kuwaona akina mama wameketi barazani wakingoja kuitwa. Mmoja amempakata mtoto mchanga, mwengine amekuja na wawili waliokwisha kuanza skuli. Hawakuja kudai mahari wala kurudiwa na waume zao. Wamekuja kudai chakula cha watoto. Na ukiwauliza, wengi watakwambia kwamba hiyo si safari yao ya kwanza. Walikwisha kwenda kwa sheha, wakaambiwa wasubiri. Baba wa watoto akaitwa, akaahidi. Akatoa mwezi mmoja, akatoa wa pili, wa tatu akanyamaza.

Leo tumeona inafaa tuliseme jambo hili kwa urefu, kwani sisi tunaamini kwamba chanzo chake kikubwa si umasikini peke yake, wala si ukosefu wa sheria. Chanzo chake ni kutofahamu matunzo haya ni mali ya nani. Baba hudhani ni hisani yake kwa mama. Mama naye pengine hudhani ni fidia yake kwa yaliyomfika. Na baadhi ya watumishi wa Serikali huyachukulia kuwa ni ugomvi wa mke na mume, wa kutulizwa kwa maneno mazuri na kikombe cha kahawa. Wote watatu wanakosea. Matunzo ni haki ya mtoto mwenyewe. Yeye hakuoa wala hakuolewa, hakutoa talaka wala hakupewa. Basi haifai awe yeye ndiye wa kulipia ugomvi wa wakubwa.

Hebu tuzitazame kauli ambazo aghalabu husikika katika mabaraza yetu, kisha tuzipime.

Kauli ya kwanza ni ya baba asemaye: "Yule nimekwisha kumwacha, hana chake kwangu." Ni kweli kwamba talaka huvunja ndoa, na kwamba matumizi ya mke yana mwisho wake eda inapokwisha. Lakini hakuna talaka ivunjayo ubaba. Aliyekuwa mume jana leo si mume, lakini aliyekuwa baba jana leo ni baba, na kesho, na mpaka mauti.

Kauli ya pili yasema: "Hanipi mtoto nimwone, na mimi sitoi kitu." Hapa yamechanganywa mambo mawili. Kuonana na baba yake ni haki ya mtoto, na kulishwa na baba yake ni haki ya mtoto vilevile. Haki moja haiwi bei ya kununulia nyengine. Baba aliyenyimwa kumwona mwanawe ana mlango wa mahakama, naye akaubishe. Ama kufunga mfuko ili mama alegee, huko ni kumpiga mama kwa fimbo ya njaa ya mtoto.

Kauli ya tatu ni hii: "Mama yake ameolewa, mumewe atamlisha." Baba wa kambo akimtazama mtoto kwa wema, Mungu atamlipa. Lakini wajibu haukuhama. Kuolewa kwa mama kunaweza kugusa suala la nani akae na mtoto, ambalo kadhi atalitazama. Hakugusi suala la nani atoe chakula chake.

Na kauli ya nne, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni ya asemaye: "Sina kazi." Hii tutairudia hapa chini, maana ndani yake umo ukweli na umo ujanja.

Tuje sasa katika sheria. Kwa walio wengi Visiwani, ambao ni Waislamu, mambo ya ndoa, talaka na matunzo huamuliwa katika mahakama za Kadhi, zinazofanya kazi hivi sasa chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985. Katika dini jambo hili halina mjadala. Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara imemwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mwanawe, kwa kiasi cha wema. Papo hapo ikakataza mama asitiwe madhara kwa sababu ya mtoto, na baba pia asitiwe. Na Sura ya At-Talaq imefundisha kwamba kila mmoja hutoa kwa kadiri ya wasaa wake, mwenye nacho na mwenye dhiki. Masheikh wetu pia hutukumbusha kisa cha Hind binti Utba, aliyemshitakia Mtume ubahili wa mumewe Abu Sufyan, akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mume huyo kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake, kwa wema, bila ya kupindukia. Hakuambiwa avumilie.

Sheria ya nchi nayo imesema. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imemtambua mtoto kuwa ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18, na imewapa wazazi wajibu wa kumtunza. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mahakama ya Watoto. Na juu ya hayo, nchi yetu imejifunga kwa mikataba miwili mikubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unazitaka nchi zihakikishe kwamba matunzo yanapatikana kutoka kwa wazazi, wawe ndani ya nchi au nje yake. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 umeongeza neno ambalo linatuhusu sana, kwamba mtoto asinyimwe matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake.

Neno hilo la mwisho lina historia hapa kwetu. Kwa miaka mingi, msichana asiye na mume akipata mimba, sheria yetu ya mwaka 1985 ilimtazama kama mhalifu, na iliweza kumfikisha gerezani. Mwaka 2005 sheria hiyo iliondolewa, na mahali pake ikaja sheria ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja, ambayo iliiondoa adhabu ya jela, ikaweka kazi za jamii badala yake. Sisi tunaona kwamba safari hiyo ya miaka 20 ilikuwa ni safari ya kutoka katika kuuliza "nani alikosa?" kuelekea katika kuuliza "mtoto atakula nini?" Swali la kwanza lina mahali pake. Lakini mtoto aliyekwisha kuzaliwa hawezi kusubiri mpaka watu wazima wamalize kulaumiana.

Sasa turudi kwa yule asemaye hana kazi, maana hapo ndipo penye swali la kiasi gani kitolewe.

Baba asiye na mshahara si lazima awe baba asiye na kipato. Visiwa vyetu si nchi ya makarani watupu. Mvuvi wa Nungwi au wa Kojani hana mwisho wa mwezi. Kipato chake hufuata bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi, na pengine yuko dago majuma kadhaa. Mwenye mikarafuu Pemba huzishika fedha wakati wa mavuno, na mavuno yenyewe hayalingani mwaka kwa mwaka. Mfanyakazi wa hoteli Kiwengwa au Paje hujua kwamba masika yakiingia wageni hupungua, na kazi yake hupungua nao. Watu hawa wote wana kipato, lakini ni kipato chenye kupanda na kushuka kama maji ya pwani. Amri inayosema "utoe kiasi fulani kila tarehe moja" humfaa mwalimu na askari. Kwa mvuvi amri hiyo itavunjwa mwezi wa pili, si kwa sababu ni mtu muovu, bali kwa sababu imeandikwa kama kwamba bahari inalipa mshahara.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa heshima kwamba wenye kukadiria matunzo wayapime kwa namna ya kipato cha mtu. Kwa mwenye karafuu, fungu kubwa litolewe wakati wa mavuno, liwekwe kwa ajili ya miezi mikavu. Kwa mvuvi, iwe kwa bamvua. Na kwa yule ambaye fedha taslimu ni shida, baadhi ya matunzo yaweza kuwa vitu: kilo za mchele, sare, madaftari, dawa. Elimu hapa Zanzibar ilitangazwa kuwa bure tangu tarehe 23 Septemba, 1964, lakini kila mzazi anajua kwamba viatu, mkoba na nauli havikutangazwa bure. Na yule ambaye kweli hana kitu, mgonjwa au mlemavu, masheikh wamefundisha kwamba wajibu unaweza kumwendea babu mzaa baba kabla ya kumwangukia mama. Babu na wajomba wanaokaa pembeni na kusema "hayo ni mambo ya vijana" wangefanya vyema kuulizia jambo hilo.

Katika kupima, si vibaya kutazama wenzetu wamefanya nini. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, imeiagiza mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, kupungua kwa uwezo wa mzazi wa kuchuma, watoto wengine anaowatunza, gharama za maisha za mahali anapoishi mtoto, na haki za mtoto mwenyewe. Na iko ibra nyengine kutoka huko. Kabla ya sheria hiyo ya 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria iliyotungwa zama za ukoloni, ambayo iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Zamani hizo shilingi 100 ilikuwa fedha. Miaka ikapita, bei zikapanda, na kikomo kikabaki palepale, mpaka ikawa haki ya mtoto kwa mwezi mzima haimnunulii mlo mmoja. Sheria ilikuwepo, mahakama zilikuwepo, na mtoto akawa hana kitu. Ibra yake ni kwamba kiasi cha matunzo si jambo la kuandikwa mara moja na kusahauliwa. Mtoto wa mwaka mmoja na mtoto wa miaka 12 hawali sawa, na bei ya mchele haikai mahali pamoja. Mama ana haki ya kurudi kuomba kiasi kiongezwe, na baba aliyepungukiwa kwa haki ana njia ya kurudi kuomba kipunguzwe. Asilokuwa nalo ni ruhusa ya kukipunguza mwenyewe kimyakimya.

Tumefika katika jambo ambalo tunawaomba akina mama walisikilize kwa makini, kwa kuwa wengi wamepoteza haki ya watoto wao kwa kutolijua. Katika madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi hapa kwetu, matunzo ya mke na matunzo ya mtoto hayako sawa mbele ya muda. Matunzo ya mke yasipotolewa huwa deni juu ya mume. Ama matunzo ya mtoto yasipotolewa, siku zikipita huwa yamepita nazo. Hayawi deni ila pale kadhi alipokwisha kuyakadiria, au alipotoa ruhusa ya kukopa kwa ajili ya baba aliye mbali au anayekataa kutoa. Imam Nawawi amelieleza hilo katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wengi wa pwani hii wamekisoma.

Maana yake kwa lugha ya kila siku ni hii. Tuseme mama amekaa miezi 7 akimlisha mtoto kwa fedha zake za mwani, akingoja baba ajirudi. Siku anapokwenda mahakamani huenda akapata amri ya kuanzia siku hiyo, na ile miezi 7 akaambiwa imekwisha kupita. Lakini lau angekwenda mwezi wa kwanza, akapata amri ya shilingi 80,000 kwa mwezi, na baba asitoe kitu, basi mwisho wa miezi 7 angekuwa anadai shilingi 560,000 zinazodaika. Tofauti baina ya mama huyu na yule si uvumilivu, wala si imani. Ni karatasi moja yenye mhuri. Kwa hiyo, akina mama, msingoje. Kwenda kwa kadhi si utovu wa adabu wala si kumvunjia heshima baba wa watoto. Ni kumhifadhia mtoto haki yake isiliwe na siku.

Na kwa kuwa haki hii ni ya mtoto, nayo humfunga mama pia. Fedha ya mtoto ni ya mtoto. Haifai kuendea mchezo wa kupeana wala vazi la harusi ya shoga. Haifai mama kumficha mtoto kwa baba yake, wala kumjaza maneno ya chuki. Na mama mwenye kipato hawezi kukunja mikono akasema yote ni juu ya baba. Malezi ni ya wawili. Mama akiyashika hayo, baba hatakuwa na pa kujifichia.

Lakini yote haya ni maneno matupu ikiwa amri haitekelezwi. Hapo tunawageukia watumishi wa Serikali.

Kwanza, masheha. Ninyi ndio mlango wa kwanza. Suluhu ni jambo jema, na hatusemi muache kusuluhisha. Tunasema suluhu ya matunzo iandikwe: kiasi gani, lini, kwa njia gani. Na ikivunjwa mara moja, mama apewe barua ya kwenda mbele, asiambiwe asubiri tena. Ahadi ya mdomo imewala watoto wengi.

Pili, maofisa wa ustawi wa jamii. Uchunguzi wenu wa hali ya nyumbani ndio jicho la mahakama. Baba akisema hana kitu, nendeni mkaone. Huenda mkamkuta kweli hana. Huenda pia mkamkuta na vyombo viwili vya bahari na nyumba ya kupangisha.

Tatu, mahakama. Amri ya matunzo isiwe sawa na kesi ya kiwanja, inayoweza kuahirishwa mara sita na kiwanja kikabaki pale pale. Mtoto habaki pale pale. Kwa mwenye mshahara, pasiwe na kusitasita kuamuru ukatwe hapohapo unapolipwa. Na waajiri, Serikali ikiwa ya mbele, waitekeleze amri hiyo bila ya kumtetea mtumishi wao kwa urafiki.

Nne, tunashauri malipo yapitie benki au simu ya mkononi, badala ya kutoka mkono hadi mkono. Hivyo huondoa ubishi wa "nilimpa" na "hakunipa", kwani kila shilingi huacha alama yake. Baba mwema hulindwa na alama hiyo kama mama anavyolindwa.

Tano, walioko ng'ambo. Vijana wetu wako Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Maskati, na wengine wako mbali zaidi. Bahari haikati nasaba. Mkataba tuliouridhia mwaka 1991 umeitaka Serikali iwafuatie wazazi walioko nje, na tungependa kuona jambo hili linazungumzwa na nchi ambazo watu wetu wamekwenda kuchuma. Kabla ya mapatano makubwa hayo, kijana anayetuma fedha za kujengea nyumba Mwanakwerekwe ajiulize kama amekwisha kutuma za maziwa.

Kwa wale wasiojua waanzie wapi, tunawakumbusha kwamba Zanzibar inayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, na wako wasaidizi wa sheria ambao kazi yao ni kumwongoza mtu asiyeweza kumlipa wakili. Ombi la matunzo halihitaji maneno ya Kizungu. Linahitaji cheti cha kuzaliwa cha mtoto, jina la baba na mahali alipo, na maelezo ya kweli ya mahitaji ya mtoto na kipato cha wazazi.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Nasi twaongeza kwamba kulea si kazi ya mmoja. Taifa linalowaacha watoto wake wakue kwa kubahatisha, leo wamekula kesho hawakula, lisishangae siku za mbele likiwakuta vijana hao hawana imani na baba, wala na sheria, wala na Serikali.

Kesho asubuhi akina mama wale watakuwa barazani tena. Tunaiomba kila mahakama, kila shehia na kila baba anayejijua, wafanye ili idadi yao ipungue: si kwa kuchoka na kurudi majumbani, bali kwa kuwa watoto wamepata chao.